Pacha mmoja anakataliwa na maziwa ya kopo, nimpe yapi?

Mama wa Wawili:
Habari zenu wazazi. Nina mapacha wa miezi 3. Nanyonyesha, ila maziwa yangu hayawatoshi wote wawili, kwa hiyo tangu wiki ya 6 nawaongezea ya kopo. Kopo moja, maji yaleyale, mkono uleule. Mkubwa anakunywa na kulala. Mdogo akimaliza chupa anakunja magoti tumboni na kulia hadi sauti inakauka, anacheua mpaka puani, mashavu yana ukurutu, na juzi nimekuta nyuzi za damu na kamasi kwenye nepi.

Daktari amempima, amesema uzito wake unaongezeka ila polepole, na anashuku aleji ya maziwa ya ng'ombe. Akaandika maziwa ya kubadilisha kwa mwandiko ambao hata muuza dawa aliugeuza juu chini akashindwa. Nikachukua ya "bila laktosi" kwa akili yangu. Leo siku ya 4, hakuna kilichobadilika. Mama mkwe anasema maziwa ya mbuzi, dada yangu anasema soya. Nimechoka. Kopo lipi?

Niliyapitia Haya:
Pole sana mama. Rudi kwa daktari akuandikie upya kwa herufi kubwa, usione haya. Ila nikueleze kwa nini hayo hayajasaidia, maana nami nilianguka shimo hilohilo.

Laktosi ni sukari ya maziwa. Aleji haina ugomvi na sukari, ugomvi wake ni na protini: kasini, na zile zinazobaki kwenye maji maziwa yakiganda. Kopo la "bila laktosi" la kawaida limetolewa sukari, protini zote zimo. Kuna pia yaliyoandikwa HA, kifupi cha Kiingereza cha "yasiyochochea sana aleji". Hayo protini yake imekatwa vipande vikubwa tu, na mwili wa mtoto mwenye aleji bado unavitambua. Mimi nilidanganywa na herufi hizo mbili kwa wiki nzima.

Unachotafuta ni maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa kabisa, kwa lugha ya makopo "imehaidrolaiziwa kikamilifu". Watoto wengi wenye aleji hii hutulia hapo. Wachache wasiotulia, au ambao hali yao ni kali tangu mwanzo, daktari huwapa ya asidi amino, ambayo hayana hata kipande cha protini ya ng'ombe. Soma nyuma ya kopo. Mbele ni picha ya dubu tu.

Jiandae na ladha: ni machungu, na harufu yake utaisikia kwenye nguo zako. Wangu aligoma siku mbili. Daktari aliniruhusu nichanganye na ya zamani kidogo kidogo, lakini mtoto wangu hakuwa na dalili kali, kwa hiyo uliza kwanza. Choo kitakuwa cha kijani, usishtuke.

Baba Mpole:
Wetu alipona kwa maziwa ya mbuzi. Jaribuni.

Niliyapitia Haya:
Nafurahi kwa wenu, kaka, ila labda tatizo lake halikuwa aleji. Protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na wengi wanaodhurika na hizi hudhurika na zile. Maziwa ya mbuzi ya kukamua ndiyo kabisa, hayafai kuwa chakula cha mtoto mchanga.

Muuguzi Mstaafu:
Mama wa Wawili, usiache kunyonyesha. Protini ya maziwa unayokunywa wewe inaweza kupita kwenye titi, kwa hiyo daktari anaweza kukuambia uache maziwa, siagi na jibini kwa wiki 2 hadi 4 mwone. Ukiacha, muulize kuhusu vidonge vya kalsiamu. Soya kabla ya miezi 6 kwa kawaida hatuianzi. Na usipunguze vijiko vya unga ukidhani yatakuwa mepesi tumboni. Hapo utamnyima chakula.

Nafuu isipokuja siku ya tatu usibadilishe kopo tena. Damu huisha taratibu, ukurutu huchelewa zaidi. Akitulia, daktari atapanga kumrudishia ya zamani kwa kipimo, kuthibitisha kama kweli ni aleji. Wazazi wengi huikimbia hatua hii. Ila midomo ikivimba, akikohoa kwa kukoroma au akilegea baada ya chupa, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Mama wa Wawili:
Asanteni. Nimerudi, safari hii amenichapia kwenye kompyuta. Ni yale ya kuvunjwa kabisa, na mimi nimeacha maziwa. Leo siku ya 9: damu sijaiona tangu siku ya 5, kucheua kumepungua, mashavu bado. Nepi ni kijani kweli, ningekuwa sijasoma hapa ningekimbia kliniki usiku.

Nimefunga uzi mwekundu kwenye chupa za mdogo na kijiko chake nakificha ndani ya kopo lake. Jana usiku usingizi ulinizidi, mkubwa akapewa chupa yenye uzi. Alivuta mara moja, akanitazama kama nimemtukana.

Niliyapitia Haya:
😂 Mpe yake haraka. Ukurutu mpe wiki mbili zingine.