Naomba ushauri: mwaka wa kwanza wa shahada kwa mada moja, Ziwa Victoria

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Idara yetu inataka mwaka wa kwanza wa shahada uzunguke mada moja, Ziwa Victoria, badala ya kozi zisizosalimiana. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo) wakapungua vibaya, viwanda vya minofu vikafuata: hapo biolojia, uchumi na historia vinakutana. Juzi nilifungua daftari la mwanafunzi. Magugu maji kayaandika mara tatu, kozi tatu, bila kuyaunganisha popote. Iliniuma. Kinachotukwamisha ni mtihani: wahadhiri wanne tukitunga swali moja, nani asahihishe, na alama ziingie kozi ipi? Mliowahi kufanya hivi, mlianzia wapi?