Ushauri: "accrue" kwenye mkataba wa mkopo niiandikeje?

Mfasiri_Tudor: Salaam aleikum. Natafsiri mkataba wa mkopo wa pikipiki kutoka Kiingereza. Nimekwama pale riba inapoambiwa ita-"accrue" kila siku. Nimeandika "riba itakusanywa kila siku". Yatosha? Nataka jibu kabla ya Alhamisi.

Mhasibu_Ganjoni: Haitoshi, ndugu. "Itakusanywa" ina mkusanyaji: msomaji ataona mtu anampitia na daftari kila jioni. "Accrue" haina mtendaji. Riba inaota yenyewe juu ya deni, pesa hazijatoka mfukoni mwa mtu. Chukua shilingi 100,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka mzima ni 12,000. Gawa kwa siku 365, wapata 32.88. Hiyo huandikwa tu kwenye hesabu kila siku. Siku 30 zikipita imefika 986.30, na hapo ndipo mkopaji hudaiwa. Kukua ni kila siku, kulipwa ni kila mwezi.

Bi_Likoni: Mie naona neno si tatizo. Riba ni riba, mwanangu. Waelekeze kwenye murabaha: benki yanunua pikipiki, yakuuzia kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo, unalipa kwa mafungu. Hakuna kinachoota.

Maalim_Bondeni: Nasaha njema, ila kaulizia neno. "Accrue" asili yake ni Kilatini "accrescere", kukua juu ya kitu. "Accumulate" yatoka kwa "cumulus", yaani lundo. La kwanza humea, la pili hurundikwa. Sisi tuna "limbika": kisima chenye maji haba huachwa maji yajae taratibu ndipo yatekwe. Kwa hiyo "riba itajilimbikiza" yafaa. Jihadhari tu na "malimbikizo". Mtu akisikia malimbikizo ya mshahara huelewa pesa zilizocheleweshwa, na riba ambayo siku yake haijafika haijachelewa.

Wakili_Kizingo: Wala usiitie "limbika" kila mahali. Katika Sheria ya Ukomo wa Mashtaka ya Kenya (Sura 22), dai la mkataba lina miaka 6 tangu sababu ya dai "ilipo-accrue". Hapo hakuna kinachorundikana. Sababu *imezuka*, na siku yaanza kuhesabiwa. Likizo nayo: Sheria ya Ajira ya 2007 yatoa siku 21 kwa mwaka, ndizo 1.75 kwa kila mwezi wa kazi. Hizo *huongezeka*. Neno moja la Kiingereza, vitenzi mbalimbali kwetu. Sasa tuambie, Alhamisi kuna nini?

Mfasiri_Tudor: Karatasi zimeshapigwa chapa. Waendeshaji 18 wametia sahihi, wengine wanatia Alhamisi. Lakini "kusanya" kila mtu alijua! Ukimwandikia wa boda "itajilimbikiza" atauliza ndiyo nini. Na Kiingereza kipo ukurasa wa pili.

Kongowea_Sokoni: Uzi huu nautilia shaka. Mkataba wa kweli hautaji riba ya kila siku ukanyamaza. Utasema mwaka ni siku 365 au 360, riba yahesabiwa kwa mkopo wa awali au salio lililobaki, na yalipwa tarehe ngapi. Hili ni zoezi la darasani.

Mfasiri_Tudor: Si zoezi, wallahi. Ni siku 365, kwa salio lililobaki, hulipwa tarehe 5. Kuna na kipengele kingine sikukitaja: riba isiyolipwa tarehe 5 inaongezwa kwenye mkopo.

Mhasibu_Ganjoni: Hilo ndilo lilikuwa la kutangulia! Hapo riba yaanza kuzaa riba. Zile 986.30 zisipolipwa, deni lawa 100,986.30, na riba ya siku yapanda hadi 33.20. Kwa neno lako, mwendeshaji atadhani amechelewa tangu siku ya pili. Au atalipa kidogo kidogo kila jioni akiamini amemaliza, na tarehe 5 imkute amepungukiwa. Sentensi hizo mbili, "itakusanywa kila siku" na "isiyolipwa tarehe 5", haziwezi kukaa mkataba mmoja.

Wakili_Kizingo: Na ukurasa wa Kiingereza hautamwokoa aliyeutunga. Maneno yakiwa na utata, kanuni ni kuyasoma dhidi ya upande ulioandika mkataba. Usibadilishe karatasi kimyakimya. Andika kiambatisho kinachotaja namba ya kipengele, maneno ya zamani na mapya. Pande zote mbili zitie sahihi na tarehe, kila mkopaji abaki na nakala yake.

Maalim_Bondeni: Kama "itajilimbikiza" yakutisha, jaribu hivi: "Riba itaongezeka siku hadi siku juu ya salio la mkopo lililobaki, kwa kugawa riba ya mwaka kwa siku 365. Mkopaji atailipa tarehe 5 ya kila mwezi. Isipolipwa siku hiyo, itaingizwa kwenye mkopo nayo itatozwa riba." Msomee mwendeshaji mmoja kwa sauti, kisha muulize alipe lini na alipe ngapi.

Mfasiri_Tudor: "Itaongezeka" naichukua. Nimempigia mwenye kazi, sahihi za Alhamisi zimesimama. Kiambatisho cha wale 18 nakiandika usiku huu.