Naombeni ushauri: nyumba 14 ziko wazi, bosi anataka tushushe kodi, mafundi na watu wa upangishaji hawaelewani

Funguo za Akiba (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri hasa kwa waliowahi kusimamia jengo la fleti, sio nyumba moja mbili za familia, namaanisha jengo zima lenye ofisi na stafu.

Nimepandishwa kuwa meneja wa jengo lenye nyumba 96 baada ya aliyekuwepo kuondoka. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa upangishaji, natembeza wateja na kuandikisha mikataba, kwa hiyo hawa ninaowaongoza leo juzi juzi tu tulikuwa tunamsengenya meneja pamoja. Sasa meneja ndo mimi.

Hali ilivyo, nyumba 14 ziko wazi na wapangaji 9 wameshatoa notisi ya kuhama. Mwenye jengo anapiga simu kila asubuhi na wimbo wake ni ule ule, matangazo hayatoshi na kodi iko juu, anataka tushushe asilimia 5 jengo zima halafu tulipie matangazo zaidi mtandaoni. Watu wa upangishaji wanasema wateja wanakuja ila nyumba zenyewe ni aibu kuonyesha. Mafundi wanasema watu wa upangishaji wanaahidi vitu hewani. Na kuna fundi mkuu, mtu mzima, anaijua kila koki ya lile jengo, naye aliiomba hii nafasi akakosa, sasa nikimpa kazi anajibu "sawa meneja" kwa ile sauti mnayoijua halafu kazi inalala.

Nianzie wapi, bei, matangazo au watu? Na huyu mzee nimfanyeje, maana wapo wanaoniambia nimtoe mapema ili wengine wajue siko kwa utani.

Tarehe Moja

Shusha kodi mkuu acha kuzunguka. Nyumba tupu haiingizi kitu. Mteja anaangalia bei kwanza, hayo mengine utarekebisha watu wakiwa ndani.

nimekaa_pale

Nimekaa pale nasubiri wenye majengo yao waje.

Bi Mkataba

Tarehe Moja umekimbilia bei kabla hata hatujajua ugonjwa ni nini. Hebu tufanye hesabu kidogo.

Asilimia 5 ya kodi ya mwaka mzima ni sawa na kodi ya siku 18 hivi. Kwa hiyo kwa nyumba MOJA iliyo wazi hoja ya bosi ina mantiki, ukigoma kushusha na ikakaa tupu zaidi ya siku 18 umeshakula hasara kuliko ungeshusha. Hapo sina ubishi. Tatizo ni hilo la jengo zima. Una wapangaji 82 ndani wanaolipa. Ukiwashushia wote asilimia 5 umetupa kodi ya nyumba 4 kamili, yani itabidi ujaze zaidi ya 4 ndo urudi tu pale ulipo leo. Na usidhani utawashushia wapya peke yao kimya kimya, tangazo lako linasomwa na wapangaji wako pia, wa kwanza atakayeiona bei mpya ataipeleka kwenye grupu la jengo kabla hujafunga ofisi.

Ofa ya mwezi mmoja bure kwenye mkataba wa miezi 12 nayo sio ndogo kama watu wanavyoichukulia, ni asilimia 8.3. Faida yake ni kwamba kodi iliyoandikwa kwenye mkataba haishuki, kwa hiyo mwakani wakati wa kuongeza mkataba unaanzia bei kamili. Ila ukitoa usitoe mwezi wa kwanza, unavutia wa kuja kupumzika halafu anapotea. Weka mbele huko, mwezi wa sita au wa mwisho.

Ila kabla ya yote mleta uzi nijibu haya. Kati ya hizo 14, ngapi mteja akija SASA HIVI anaweza kupewa funguo? Kati ya hao 9 wa notisi, ngapi nyumba zao zimeshapata mtu? Na wanaohama wanasema wanahama kwa nini, sio walichoandika kwenye fomu, wanachosema.

Kipima Joto

Naongezea kwa Bi Mkataba upande wa masoko maana ndo kazi yangu. "Matangazo hayatoshi" ni maneno matupu mpaka ujue watu wanapotelea wapi. Chukua daftari uandike hatua nne tu, wangapi waliuliza, wangapi walikuja kuona, wangapi walijaza fomu ya maombi, wangapi walisaini. Na kila anayeuliza muulize ametuonea wapi, uandike.

Wakiwa wachache wanaouliza, hapo ndo bei, picha au mahali unapotangaza. Wanauliza wengi lakini hawaji, basi anayejibu simu na meseji ndo tatizo. Wanakuja ila hawajazi fomu, shida iko kwenye nyumba au kwenye anayewatembeza. Kuongeza hela ya matangazo wakati watu wanapotelea hatua ya tatu ni kuwaleta watu wengi zaidi waione hiyo aibu yenu.

Kitu kingine, tafuta rafiki asiyejulikana hapo ofisini atume meseji jioni kama mteja, umwambie aangalie anajibiwa saa ngapi na anajibiwa nini. Anayetafuta nyumba anakuwa ametuma ujumbe majengo matano sita kwa mpigo, wa kwanza kumjibu vizuri na kumpa muda wa kuja ndo anakuwa mbele ya wengine.

Na tupia hapa tangazo lenu tulione.

fundi_koki

Mimi ni fundi, nimekaa kwenye majengo ya namna hii miaka, naomba niseme upande wetu maana huwa hatusikilizwi. Mtu wa upangishaji anapata komisheni akisaini mtu. Akishasaini habari zake kwisha. Kwa hiyo mteja akisita anaambiwa kabati litabadilishwa, mlango wa bafu utapakwa, chochote ilimradi asaini. Mpangaji anahamia anakuja kwetu na hasira, sisi tunasikia hiyo habari kwa mara ya kwanza mlangoni kwake. Halafu meneja anauliza kwa nini mafundi ni wakali.

Huyo mzee usimtoe. Ukimtoa anaondoka na ramani ya mabomba kichwani, siku valvu ya ghorofa ya tatu ikigoma kufunga utamtafuta kwa tochi.

Mlango wa Nne

fundi_koki umeongea, ila na nyie mafundi mna tabia ya kufunga maombi kwenye mfumo kabla ya kufanya kazi 😂 mimi ni mpangaji tu, nimeshapokea ujumbe "ombi lako limekamilika" huku maji yanadondoka kwenye ndoo mbele yangu.

Funguo za Akiba (mleta uzi)

Nimerudi wakuu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa naandika mnayoniuliza badala ya kukisia.

Bi Mkataba, kati ya 14 zilizo wazi, 6 hazionyesheki. Nyingine zinasubiri rangi, moja sinki limetolewa halijarudi, moja hakuna anayejua inasubiri nini. Kwa hiyo tunatangaza 14 wakati za kuonyesha ni 8. Kati ya 9 za notisi, 3 zimeshasainiwa na watu wapya.

Wanaohama kwenye fomu wote wameandika sababu binafsi. Nimewapigia, walioongea karibu wote habari ni moja, matengenezo. Sio kwamba hayafanyiki kabisa, yanafungwa kwenye mfumo bila kufanyika, kama alivyosema Mlango wa Nne. Nikafuatilia kwa nini, kumbe meneja aliyepita alikuwa anawapima mafundi kwa idadi ya maombi waliyofunga kwa wiki.

fundi_koki, nimefungua mafaili ya mikataba. Moja nyuma ya ukurasa wa mwisho kumeandikwa kwa peni "mlango wa bafu + taa ya korido kabla ya kuhamia", haina sahihi, haina tarehe, na fundi mkuu nilipomwonyesha aliisoma mara mbili akasema hajawahi kuiona. Huyo mpangaji ni mmoja wa waliotoa notisi.

Tangazo letu linasema hivi: "Fleti nzuri ya kisasa, mazingira tulivu, inafaa wanandoa wasio na watoto, wahi sasa." Picha ya kwanza ni ya bafu.

Kipima Joto

Bafu lenyewe mfuniko wa choo uko wazi au umefungwa?

Funguo za Akiba (mleta uzi)

Wazi. Na kidekio kinaonekana pembeni.

nimekaa_pale

😂😂😂 nimeondoka pale

Kipima Joto

Haya. Picha ya kwanza iwe sebule, mapazia wazi, taa zote zimewashwa, mpigaji asimame kwenye kona. Na iwe ya nyumba hiyo hiyo mtu atakayoiona, sio ya nyumba nzuri kuliko zote jengoni, maana akija akakuta tofauti umemfunza kutowaamini kabla hata hajakaa. "Nzuri ya kisasa" futa, kila mtu anaandika hivyo. Andika vyumba vingapi, ghorofa ya ngapi, kodi, dipoziti, tarehe ya kuhamia, maegesho yapo au hayapo.

Na hilo la wanandoa wasio na watoto toa leo leo. Nchi nyingi hilo ni kosa kisheria, Marekani kwa mfano sheria yao ya makazi ni ya 1968 na mwaka 1988 wakaongeza ulinzi kwa familia zenye watoto na watu wenye ulemavu, na inagusa mpaka maneno ya tangazo. Angalia sheria ya kwako inasemaje, lakini hata kama haisemi kitu, wewe una nyumba 14 tupu halafu unafukuza familia? Familia zenye watoto shuleni ndo hazipendi kuhamahama.

Bi Mkataba

Sasa tunaongea. Namba ya kumpelekea bosi sio 14. Chukua 14 ujumlishe 9 utoe 3 zilizosainiwa, unapata 20. Nyumba 20 kati ya 96 ziko hatarini, zaidi kidogo ya moja ya tano. Akiiona hiyo atashtuka, na ashtuke tu, ila hapo hapo mwonyeshe kwamba 6 zimekwama ndani kwenu wenyewe, hakuna tangazo duniani litakalopaka rangi.

Kwa watu wako. Kila Jumatatu asubuhi tembea nyumba zote tupu pamoja na fundi mkuu NA mtu wa upangishaji, miguu yenu wote watatu ndani ya nyumba ile ile. Kila nyumba iandikwe tarehe ya kuwa tayari, na tarehe hiyo aitaje fundi mkuu mwenyewe, sio wewe. Upangishaji wapangishe kwa kufuata tarehe hiyo, hata rangi haijakauka. Kikao cha ofisini hakisaidii hapa, ofisini kila mtu ana maneno, ukisimama mbele ya sinki ambalo halipo maneno yanakuwa machache.

Huyo mzee ongea naye peke yenu kabla ya hiyo Jumatatu. Usimbembeleze na usijifanye hujui kwamba aliitaka nafasi, mwambie unajua. Halafu mpe mamlaka ya kweli, nani anafanya nini kwenye nyumba ipi, vifaa gani vinanunuliwa kwanza, ndani ya bajeti mtakayokubaliana bila kuja kukuomba sahihi kila koki. Ukimpa mamlaka na kazi bado inalala, hapo utakuwa na kitu cha kumwandikia. Kwa sasa huna, una sauti yake tu.

Na uache kuhesabu maombi yaliyofungwa. Hesabu maombi yaliyorudi, yani nyumba ile ile, tatizo lile lile, ndani ya mwezi. Na anayethibitisha kazi imeisha awe mpangaji.

fundi_koki

Hapo kwenye kununua vifaa Bi Mkataba umegusa penyewe. Nusu ya kazi zinazolala zinasubiri kitu kidogo ambacho hakipo stoo. Na ahadi za upangishaji ziwe kwenye fomu, mteja asaini, fundi asaini, mkataba usitoke bila hiyo fomu.

Funguo za Akiba (mleta uzi)

Fomu nimeanza kuichora. Swali, kwenye komisheni. Nikiwaambia upangishaji wapate kidogo kwa mkataba mpya na kidogo kwa mpangaji anayeongeza mkataba, hawatagoma? Maana nawajua, nilikuwa mmoja wao.

Bi Mkataba

Komisheni ya mkataba mpya usiipunguze kwa walionayo sasa, waongezee nyingine kwa kila mpangaji anayeongeza mkataba. Bosi akilia mwonyeshe gharama ya mtu mmoja kuhama, rangi, usafi, siku tupu, tangazo, komisheni. Anzeni kuongea na mpangaji siku 90 kabla mkataba haujaisha, notisi ikishaandikwa mara nyingi ameshapata pa kwenda. Na angalia mikataba yenu inaisha lini, kama mingi inaisha mwezi mmoja, hawa wapya wape wengine miezi 11 wengine 13 itawanyike.

Tarehe Moja

Mi bado nasema bei mnaikwepa. Hizo 8 za kuonyesha zimekaa wazi muda gani?

Funguo za Akiba (mleta uzi)

Sita ni za karibuni. Mbili ndo za muda mrefu kuliko zote, ghorofa ya chini, madirisha yanatazama mapipa ya taka.

Tarehe Moja

Sasa hizo utazipaka rangi gani?

Bi Mkataba

Hapo sikupingi. Hizo mbili shusha, na usiishie asilimia 5. Waliopo wakiuliza wape funguo wakaone dirisha.