Kadi ya mtandao ya ndani haiwaki kwenye Debian 12, Windows inafanya kazi

tundu_la_waya
Wakuu, msaada. Kompyuta ya mezani, kadi imo kwenye madabodi yenyewe: Realtek RTL8111/8168, `lspci -nn` inatoa 10ec:8168. Nina Windows 10 na Debian 12 kwenye diski moja. Nikiwa Windows intaneti inapita. Nikiingia Debian, `nmcli device` inaandika `enp3s0 ethernet unmanaged` na taa za tundu la kebo zimezima kabisa. Wengi wanashauri r8168-dkms (draiva ya Realtek yenyewe). Nianzie hapo?

kerneli_kavu
Hapana mkuu, usiguse draiva kwanza. Jina enp3s0 limetokea, maana yake kerneli (kiini cha Linux) imeiona kadi na r8169, draiva iliyomo ndani yake, imeishika. Hakikisha kwa `lspci -nnk`, mstari wa "Kernel driver in use".

Hiyo "unmanaged" ni mpangilio tu. NetworkManager (programu inayosimamia mtandao, ndiyo nmcli inaongea nayo) ikikuta kadi imetajwa ndani ya `/etc/network/interfaces`, haiigusi. Hutokea sana ukisakinisha Debian tupu kisha ukaongeza desktop baadaye. Fungua faili hilo kwa sudo, weka # mbele ya mistari yote ya enp3s0 (`allow-hotplug` na `iface`), ya `lo` (mtandao wa ndani wa kompyuta yenyewe) iache. Halafu:

`sudo systemctl restart NetworkManager`
`ip link show enp3s0`

Leta majibu.

tundu_la_waya
Nimefanya. Sasa nmcli inasema "unavailable", ip link inasema NO-CARRIER (hakuna ishara kwenye kebo). Taa bado.

fundi_swichi
Hapo sasa ni Windows. Draiva yake ya Realtek huweza kuizima kadi kabisa kompyuta inapozimwa, na Linux inaikuta katika hali hiyohiyo. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu pawasaplai inaendelea kuipa madabodi volti 5 za kusubiri.

Pima hivi: zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 umeme uliobaki uishe, rudisha waya, ingia Debian moja kwa moja bila kupitia Windows. Taa zikiwaka, mchawi umempata.

Dawa ya kudumu iko Windows: Device Manager, kadi yako, Advanced, "Shutdown Wake-On-Lan" iwe Enabled. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Hiyo inaondoa Fast Startup (Windows kutozima kikamilifu ili iwake haraka), na hibernate nayo inazimwa. Draiva ya Windows ikisasishwa, kagua tena.

kerneli_kavu
Naongezea: `sudo dmesg | grep r8169` (kumbukumbu za kerneli kuhusu draiva hiyo) ikilalamika kuhusu faili la `rtl_nic`, yaani programu ndogo ya kadi yenyewe, weka kifurushi cha firmware-realtek, ila mara nyingi kadi hizi huwaka hata bila hilo. Unachotafuta ni "Link is Up - 1Gbps/Full". Ukiona 100Mbps na rauta yako ni ya gigabiti, badilisha kebo: huenda jozi mojawapo ya nyaya, kati ya nne, imekatika.