Naomba ushauri: dawa yangu ya kupuliza kwenye fizi inaharibika kabla mwezi haujaisha

Wakuu habari za mchana, niko Uyole hapa Mbeya. Nachemsha majani ya mpera na karafuu, nachuja, naweka kwenye vichupa vya kupuliza vya ml 30 kwa ajili ya fizi zilizovimba na kutoka damu, nilianza na bibi yangu akasema inamtuliza basi majirani nao wakaanza kuulizia.

Sasa shida, wiki ya pili tu chini kunakaa tope la kahawia linaziba kile kitundu, unabonyeza weee inatoka tone moja kama mate, na mafuta ya karafuu yanajitenga peke yake. Chupa moja juzi nimefungua ina utando mweupe na harufu ya togwa, nimemwaga zote. Na hapa ni Mbeya na baridi hii, ingekuwa Kyela si ingechacha siku ya tatu!

Kuna jamaa kaniambia niweke polisobeti 80 ili mafuta yachanganyike na maji, na potasiamu sobeti ya kuzuia ukungu ila nishushe pH (kipimo cha uchachu, ikishuka dawa inakuwa na asidi zaidi) iwe chini ya 5 ndo ifanye kazi. Je, asidi hiyo haitakula meno ya watu? Spiriti sitaki, kwenye kidonda cha fizi inawasha balaa.

Aliyewahi kusajili dawa ya asili Baraza la Tiba Asili anielekeze naanzia wapi, kuuza sijaanza bado.