Ruzuku za utafiti kwa insia na sayansi za jamii: zitengewe fungu lake, au tuendelee kuzigombea pamoja na maabara?

Ndugu wanajamvi,

Naomba tujadili swali ambalo vyuoni kwetu huzungumzwa zaidi kwenye meza ya chai kuliko kwenye vikao. Je, fedha za umma za utafiti ziwe na fungu la pekee kwa ajili ya insia na sayansi za jamii, au wahadhiri wa historia, isimu na sosholojia waendelee kujaza fomu ileile wanayojaza wenzao wa maabara? Mimi nafundisha historia, kwa hiyo nakiri mapema kuwa nina upande.

Miaka michache iliyopita nilipeleka andiko kwa mfuko mmoja wa kikanda, ambao sina haja ya kuutaja. Nilitaka kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wale waliosombwa na SILABU, ofisi ya waajiri iliyoanzishwa mwaka 1944, kutoka Kigoma na kwingineko mbali. Nilichoomba ni nauli za Korogwe na Muheza, vinasa sauti viwili na malipo ya vijana wawili wa kunukuu mahojiano. Fomu ilinitaka nieleze kiwango cha utayari wa teknolojia nitakayozalisha, kisha ikauliza kama nategemea kupata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi. Nikaandika "haihusiki" mara mbili, na andiko likarudishwa kwa maelezo kwamba halijakamilika.

Nilipokuja kupata nauli kwa njia nyingine, ilikuwa imepita miaka miwili na nusu, na kati ya wazee 7 niliokuwa nimewaorodhesha niliwakuta 3. Mmoja wao alifungua kopo la biskuti akanitolea kipande chake cha mwisho, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Ilikuwa na visanduku 30, na vilivyotiwa alama ni 19. Nilipomwuliza habari ya zile siku 11 zilizobaki, alizungumza kwa zaidi ya saa nzima, na sehemu kubwa ya aliyonieleza sijawahi kuikuta katika nyaraka za mashamba.

Najua nitaambiwa kwamba wafadhili wapo. Ni kweli, na wametusaidia sana: Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupatia atlasi ya lugha mwaka 2009 na kutuonyesha kuwa nchini mna lugha takribani 150, uligharimiwa na Uswidi kupitia shirika lake la Sida. Nawashukuru Waswidi kwa dhati. Hata hivyo naona haya kidogo kwamba ili tujue nyumbani kwetu mnasemwa lugha ngapi, ilibidi tumsubiri mgeni atoe fedha.

Mchangiaji wa pili (mhandisi)

Mtoa mada, nimekuelewa, lakini hilo fungu litachotwa kutoka chungu kipi? Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga walau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Wenzetu Kenya waliweka kabisa katika sheria ya mwaka 2013 kwamba Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2, na kinachotolewa kimekuwa mbali mno na kiwango hicho. Ukikigawa kidogo hicho, hakuna atakayeshiba. Isitoshe, ninyi wa sayansi za jamii mna kazi za ushauri elekezi, na nimewahi kuona "utafiti" ambao nusu ya bajeti yake ilikuwa posho za warsha. Mimi nikikosa kemikali, kazi inasimama.

Mtoa mada

Ndugu mhandisi, la posho sikupingi, nami nimekaa katika warsha hizo. La ushauri elekezi ndilo silikubali, kwa sababu anayelipa huja na swali lake tayari, na mara nyingi hata jibu analolitarajia huwa limeshachungulia. Mahmood Mamdani, alipokuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alilalamika hadharani kwamba kazi za namna hiyo zinakula utafiti wa chuo kikuu. Chuo hichohicho kilipopewa na serikali ya Uganda shilingi bilioni 30 za utafiti katika mwaka wa fedha 2019/20, milango ilifunguliwa kwa fani zote, na wahandisi hawakufa njaa.

Tena kuna kazi ambazo maabara peke yake haiziwezi. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, watu waliendelea kuwaosha maiti wao na kuwaficha wagonjwa, mpaka wanaanthropolojia waliposhirikishwa katika kutafuta namna ya kuzika kwa usalama bila kumvunjia marehemu heshima.

Sidai mamilioni ya dola. Nadai ruzuku ndogo ndogo, nyingi, zisizouliza hataza, ambazo awamu yake ya mwisho hailipwi mpaka rekodi zikabidhiwe maktaba au Nyaraka za Taifa. Posho za warsha zisizidi kiwango kitakachowekwa, hapo tumekubaliana.

Mchangiaji wa tatu (mwanafunzi wa uzamili)

Shikamoo, mwalimu. Je, andiko lile uliliandika kwa Kiswahili?

Mtoa mada

Marahaba. Hapana, Kiingereza kilikuwa sharti. Nafasi ya muhtasari ilikuwa maneno 250, na 40 kati ya hayo niliyatumia kueleza maana ya manamba.