Bosi wangu Mmarekani anataka meza ya sikukuu kama ya bibi yake, nusu ya vitu sivipati Arusha. Naombeni msaada

Mpishi wa Njiro

Wakuu, habari za jioni. Shikamoo kwa wakubwa wote humu jikoni.

Mimi ni mpishi wa nyumbani hapa Arusha, mwaka wa tisa sasa. Nimepikia Wahindi, nimepikia Mjerumani mmoja aliyekula viazi asubuhi na jioni, na kote huko sikuwahi kuaibika. Tangu Agosti niko kwa familia ya Wamarekani kutoka Tennessee, jimbo la kusini kwao. Watu wazuri, mshahara unaingia kwa wakati, sina la kulalamika. Shida yangu ni kijisanduku cha bati.

Humo ndani kuna kadi za mapishi za marehemu bibi yake mama mwenye nyumba, zimeandikwa kwa mkono, nyingine zina madoa ya mafuta. Mama amenikabidhi kama mtu anavyokabidhi hati ya kiwanja. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu yao ya Shukrani, wageni kumi na wanne, na anataka meza iwe kama ya bibi.

Majaribio mawili nimeshaharibu. Siku ya kwanza aliniambia nimwandalie "biscuits" na mchuzi wa soseji. Nikaenda dukani, nikanunua biskuti za maziwa pakiti mbili, nikazipanga kwenye sahani, mchuzi pembeni. Watoto walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kumbe kwao ni kitu kama skonzi. Siku ya pili mkate wa mahindi: nikatia unga wa sembe, kikatoka kitu kizito kimepasuka juu. Alikula mlinzi, naye akauliza kama kuna maharage.

Kadi zinataka "buttermilk", sukari ya kahawia "iliyoshindiliwa", boga la kopo, maziwa ya kopo yasiyo na sukari, unga wa mahindi, mafuta ya Crisco, sharubati ya Karo kwa ajili ya pai ya kokwa zinazoitwa pecan, cranberry, na vanila. Halafu siagi "stick" moja, sijui ni kijiti gani hicho. Baadhi ya vitu vipo kwenye supamaketi wanazonunua wazungu, lakini kopo moja la boga nimelikuta kwa bei ya kuku mzima, na mama kasema bajeti ina mwisho.

Zimebaki wiki tatu. Bata mzinga msinisumbulie kichwa, huyo nimeshaweka oda Usa River.

Mbeba Boksi

Mkuu, umenichekesha na hizo biskuti, niko kwenye basi hapa Minneapolis watu wananitazama.

Kabla hujagusa unga, anza na vipimo, maana ukikosea hapo kadi yote imekufa. Kikombe chao si kikombe cha chai, ni mililita 240. Kijiko kikubwa ni 15, kidogo ni 5. "Stick" ya siagi ni gramu 113. Huku siagi inauzwa boksi lenye vipande vinne virefu, kila kimoja kimefungwa karatasi yake yenye mistari ya kukatia, ndiyo maana bibi hakuona haja ya kuandika uzito. Pakiti yako ya gramu 250 inakupa stick mbili na cha kupaka mkate.

Joto la oveni ni la Farenhaiti. 350 ni kama 180 yetu, 425 ni 220. Dada yangu kule Mbezi aliona 350 kwenye mapishi niliyomtumia akazungusha kitasa mpaka mwisho wa reli. Keki ilitoka nje mkaa, ndani uji.

Kadi ikisema kopo la boga bila kutaja ukubwa, chukulia gramu 425. Kopo la maziwa ni mililita 354. Na hilo kopo la boga usilinunue. Boga linalotiwa makopo huku si lile la rangi ya chungwa wanalochonga macho. Ni aina nyingine, ganda lake limepauka kama ngozi, na ukilipasua halipishani sana na maboga ya kwetu.

Mama Tukuyu

Boga niachieni mimi.

Mwanangu, sokoni usichukue boga kwa sura. Mwambie muuzaji unataka boga la unga, lile ambalo ukilila linakukaba kidogo kooni. La majimaji mwachie anayepika mboga. Na usilitose kwenye maji! Likate mapande makubwa na ganda lake, lioke au lipike kwa mvuke, kisha komba nyama kwa kijiko, ponda, mimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, weka kwenye friji usiku mzima. Asubuhi tazama bakuli la chini. Mimi nilikuta maji ya manjano karibu kikombe kizima. Hayo ndiyo yanayofanya pai itepete katikati hata ukiioka masaa. Pima gramu zako 425 baada ya kuchuja, si kabla.

Maziwa: chukua mililita 800 za maziwa mabichi, sufuria pana, moto mdogo, koroga yasishike chini, mpaka yabaki kama 350. Yamekuwa ya kopo hayo. Au tumia maziwa ya unga, ukoroge kwa maji chini ya nusu ya yale yaliyoandikwa kwenye pakiti. Ila angalizo: kopo la maziwa mazito matamu ni kitu kingine kabisa. Ukilitia hilo kwenye pai pamoja na sukari ya kwenye kadi, wageni wataomba maji usiku kucha.

Njeri wa Ruiru

Habari ndugu. Nilifanya kazi kwa Wamarekani Nairobi miaka sita, hiyo "buttermilk" ilinisumbua sana mpaka nikagundua tunayo. Ni maziwa lala! Nyinyi mnasema mtindi. Ukiwa mzito kama wa kuliwa kwa kijiko, ongeza maziwa kidogo mpaka umiminike. Usiwe na sukari wala ladha ya stroberi, tafadhali. Ukikosa kabisa, kikombe kimoja cha maziwa na kijiko kikubwa cha siki nyeupe au limau, subiri dakika kumi yakatike.

Usiruke huo uchachu ukaweka maziwa ya kawaida. Kadi ikiwa na bekingi soda, soda inahitaji kitu kichachu ili itoe hewa. Bila hiyo skonzi haziinuki na zinaacha ladha ya sabuni.

Crisco ni mafuta magumu meupe ya mimea. Kimbo inatosha kabisa, sijawahi kuona tofauti. Iweke kwenye friji kwanza iwe baridi, uikatekate ndani ya unga, usiisugue mpaka iyeyuke. Na usikande kama chapati! Hapo ndipo sisi wapishi wa huku tunaharibu, mkono umezoea. Unakunja mara tatu nne, unakata, basi. Unga wao wa kusini kwa Wamarekani ni laini kuliko wetu, kwa hiyo kwa kila kikombe toa vijiko vikubwa viwili vya unga, rudishia vijiko viwili vya wanga wa mahindi, ule mweupe wa kukazia mchuzi.

Mpishi wa Njiro

Dada Njeri, Mungu akubariki. Swali la haraka: hapa kibandani bekingi soda imeisha, kuna magadi tele. Si ni kitu kimoja?

Njeri wa Ruiru

HAPANA. Magadi yaache kwenye maharage na kisamvu.

Mama Tukuyu

Na hamira pia si bekingi pauda, nasema mapema kabla hujauliza. 😄

Mzee wa Makambako

Mimi sielewi. Mtu ametoka Marekani mpaka Arusha, nyama choma ipo, ndizi zipo, anataka kula ya kwao. Si angebaki huko?

Mbeba Boksi

Mzee shikamoo. Mimi jana nimeendesha gari dakika arobaini kufuata unga wa ugali na mchicha wa barafu kwenye duka la Waafrika. Tumsamehe tu.

Mzee wa Makambako

Marahaba. Haya, hapo umenishika.

Basi kijana sikiliza, nimekuwa na mashine ya kusaga miaka kumi na saba. Sembe yako ilishindwa kwa sababu ni laini mno, na mahindi yamekobolewa yote. Nenda mashineni na mahindi yako makavu kilo mbili, usiyakoboe, mwambie kijana wa mashine abadilishe chekeche aweke lenye matundu makubwa zaidi. Atanung'unika, mpe hela ya soda. Unga utakaotoka ukiushika vidoleni unasikia punje kama mchanga mwembamba. Ukipepeta pumba kidogo, huo ndio unaoutaka. Zile chenga zinazobaki juu ya chekecheo usimwage.

Mbeba Boksi

Usimwage kweli, maana hizo chenga ukizipika kama uji mzito na siagi ndiyo "grits", chakula chao cha asubuhi kule kusini. Mama ataona maajabu.

Na mahindi kuwa meupe usiogope. Wengi wanadhani mkate wa mahindi lazima uwe wa njano na mtamu. Tennessee na majirani zake, wazee wengi wanatumia unga mweupe na hawatii sukari, au kidogo tu. Soma kadi vizuri uone kama bibi ameandika sukari. Sufuria la chuma zito likipatikana, lipashe na mafuta ndani ya oveni mpaka urojo ukimiminwa ulie chaaa. Ganda la chini linatoka kahawia na kavu.

Binti Karafuu

Nyie mmesahau sukari na viungo. Salamu kutoka Unguja.

Sukari yao ya kahawia si hii yetu ya dukani yenye rangi rangi. Yetu ni punje kavu, ukiishindilia haishikani. Yao ni laini, ina unyevu kwa sababu imetiwa molasi, ukipindua kikombe inasimama kama kasri la mchanga ufukweni. Chukua sukari guru, ile iliyo laini na nyeusi nyeusi, ikwangue kwa kile cha kukwangulia karoti, pima kwa kuishindilia hivyo hivyo. Ipepete kwanza, mimi nimewahi kukuta uzi wa gunia.

Viungo vya pai ya boga usinunue vya kikopo: mdalasini, tangawizi kavu, kungumanga, na karafuu kidogo sana. Saga mwenyewe. Masala ya chai usitie, ina pilipili manga na iliki, itageuka chai ya maziwa. Mtu anaagiza kutoka Marekani kikopo cha viungo ambavyo baba yangu anaanika mbele ya nyumba, Wallahi dunia hii.

Vanila inalimwa Kagera, uliza watu wa Bukoba. Pasua ganda, lifukie kwenye sukari kwenye chupa iliyofungwa.

Mbeba Boksi

Au alaze kwenye Konyagi. Vanila ya maji huku kisheria lazima iwe na pombe isiyopungua asilimia 35, na Konyagi ni 35 hasa. Ila inataka miezi miwili, kwa mwaka huu umechelewa.

Binti Karafuu

Hiyo pitisha kwenu. Mimi na sukari yangu.

Mgogo wa Kibaigwa

Cranberry hakuna aliyegusa. Ni matunda mekundu machachu, wanayachemsha na sukari yanakuwa kama jemu ya kulia nyama. Kaka, rozela! Gramu 50 za rozela kavu, vikombe viwili vya maji, chemsha mpaka ilainike, ongeza tofaa moja lililokwanguliwa ili ikaze, na sukari robo tatu ya kikombe, kisha onja. Osha rozela kwanza, ya sokoni ina vumbi la Dodoma zima.

Pecan badili kwa korosho zilizokaangwa kidogo. Karo ni sharubati tu ya kushikilia: kikombe cha sukari, robo kikombe ya maji, matone ya limau isigande, chemsha mpaka ivutike kidogo. Asali inafunika ladha ya kila kitu, mimi siipendi humo.

Mpishi wa Njiro

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, jikoni kulikuwa vita.

Skonzi nilijaribu mara tatu kabla ya siku. Mara ya kwanza nikakanda kama chapati, kama Dada Njeri alivyotabiri, zikatoka za kumpigia mwizi. Mara ya tatu nikajizuia mpaka mikono ikawasha, zikainuka na zikafunguka matabaka. Mtindi niliochukua ni wa mama mmoja Mmeru anayepita na kidumu, mkali kweli kweli.

Mkate wa mahindi: kijana wa mashine alinung'unika, nikampa ya soda. Kadi ya bibi haikuwa na sukari hata chembe, na pembeni ameandika neno "white" na kulipigia mstari. Mbeba Boksi, ningejua kusoma ile pembeni ningeokoa siku mbili.

Boga nililichuja usiku, maji yakatoka kikombe na zaidi. Pai mbili zimeisha zote, ya tatu mama aliificha kwenye friji nyuma ya maziwa. Pai ya korosho ilitoka tamu kupita kiasi, sharubati niliipika ikakaza mno, mgeni mmoja alikuwa anaivuta kama ubani. Hiyo ni kosa langu, nilikuwa nageuza bata mzinga.

Rozela ndiyo iliyozua mjadala mezani. Mzee mmoja wa Kimarekani hakuamini kwamba si cranberry, akaja jikoni kuniomba nimwonyeshe pakiti. Sasa mama amekuja na kadi nyingine ya Krismasi, imeandikwa "marshmallow". Nimemuuliza ni nini, kanijibu ni pipi kama mto wa kulalia. Kuna mtu anajua?

Binti Karafuu

Inatengenezwa kwa jelatini, ile inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Kabla hatujafika mbali, uliza ni ya ng'ombe au ya nani.